Kabla Hujamwambia Mtu "Kisome Hiki"

Ukimaliza riwaya iliyokunyima usingizi, kukipambazuka unatafuta wa kumpa. Raha hiyo haina mfano, lakini ndipo vitabu vingi vinapokwama: unampa mwenzako kilichokugusa wewe, anafika ukurasa wa ishirini, anakitia chini ya mto, na kila mkikutana anakwepa kukitaja. Kitabu hakina kosa. Kimeangukia kwa msomaji asiye wake.

Muulize kwanza. Kitabu gani cha mwisho alikimaliza? Anasomea wapi, kwenye daladala au kitandani? Na asiposoma, anapenda nini: mpira, tamthilia za jioni, siasa za kijiweni? Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito. Mtu anayefuatilia tamthilia miezi sita subira anayo, ila hajapata kisa cha kumshika.

Wengi riwaya ya mwisho ya Kiswahili waliisoma shuleni, kalamu mkononi, wakisaka dhamira na tamathali za usemi. Mtu huyo usimrudishie kitabu alichojibia mtihani, hata kiwe kitamu vipi. Mpe upelelezi. Mohammed Said Abdulla alimuumba Bwana Msa, mzee wa kiko na maswali ya taratibu, na Kisima cha Giningi (1968) bado kinanasa watu, kwa sababu msomaji akishaanza kumkisia mhalifu hakiweki chini. Mpenzi wa tamthilia mpe Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999): Yasmin, binti anayeozwa kwa mwanamume wa umri wa baba yake, katika Unguja ya ukoloni. Kama ameona filamu ya 2021, heri zaidi, maana sura za watu anazo tayari kichwani. Anayebishana mambo ya wafanyakazi na mishahara mpe Kuli (1979) ya mwandishi huyohuyo, ambamo wapagazi wa bandarini Zanzibar wanafika hadi kwenye mgomo wa 1948.

Kwa riwaya za Euphrase Kezilahabi, mpangilio ni kila kitu. Anza na Rosa Mistika (1971), kisha Kichwamaji, na Nagona (1990) iwe ya mwisho. Watu huichukua Nagona kwanza kwa kuwa ni nyembamba, wakidhani wataimaliza Jumamosi moja. Ni safari ya kindoto isiyo na kisa kilichonyooka, na asiyemzoea Kezilahabi atadhani hajui kusoma. Wembamba wa kitabu usikudanganye.

Jambo jingine ni lugha. Riwaya za Zanzibar zina maneno ambayo msomaji wa bara hakukua nayo. Mfungulie ukurasa wowote wa katikati asome. Maneno magumu yakizidi matano, kitabu hicho kisubiri. Yakiwa machache, aweke nukta ya penseli pembeni na aendelee, kisha afungue kamusi sura ikiisha. Kupekua kamusi kila mstari kunaua kisa, na wengi huachia hapo.

Unapokisifia, usiseme "kina mafunzo mazuri". Maneno hayo yananuka darasa. Taja nani yumo na amepatwa na nini, basi. Bora zaidi, msomee kurasa mbili za mwanzo kwa sauti mkinywa chai, au mrekodie dakika tatu kwenye WhatsApp, na ukate pale mlango unapogongwa, kabla hatujajua ni nani.

Kitabu chenyewe nacho kinataka matunzo. Kipya kilichogundishwa kwa gundi, kisimamishe mezani kwa mgongo, laza jalada la mbele na la nyuma, kisha ulaze kurasa kumi za mwanzo, kumi za mwisho, hivyo hivyo hadi katikati, ukipitisha kidole kwenye mkunjo. Ukikipasua katikati kwa nguvu, gundi inakatika na kurasa zinaanza kudondoka mikononi mwa uliyemwazima. Cha mtumba kikague namba za kurasa kabla hujalipa. Kurasa hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, kwa hiyo pengo huja kwa mkupuo: unatoka ukurasa wa 48 unaangukia wa 65. Hakuna uchungu kama kulikuta pengo hilo pale mambo yanapochemka.

Ukimwazima mtu kitabu, andika daftarini jina la kitabu, la mtu, na tarehe mliyokubaliana. Kurasa 200 kwa wiki tatu ni kama kurasa kumi kwa siku, mwendo ambao hata mwenye kazi nyingi anaumudu. Siku ya tano muulize "umefika wapi?", kamwe si "umemaliza?", swali ambalo humfanya mtu arudishe kitabu kwa aibu.

Akikirudisha bila kumaliza, muulize aliishia ukurasa gani. Aliyeachia kabla ya wa ishirini, lugha ndiyo iliyomshinda, mpe chepesi zaidi. Aliyeachia katikati, kisa hakikumshika, badilisha aina. Aliyeachia zikiwa zimebaki kurasa chache alikatishwa na shughuli, kwa hiyo mrudishie kitabu wiki moja nyingine na usimuulize kitu.