Bango Moja, Makumbusho Mengi

SWALI: Mhariri, nimeona kwamba bango la Moulin Rouge, ukumbi wa dansi wa Paris, lililotengenezwa na msanii Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec, limo katika makumbusho ya New York, Chicago na kwingineko kwa wakati mmoja. Lipi ni la asili, na yapi ni nakala? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, yote ni ya asili, maadamu yalichapwa mwaka 1891 kutokana na mawe yaleyale. Toulouse-Lautrec (1864–1901) hakuchora kwanza picha ya rangi za mafuta ambayo baadaye ilitolewa nakala. Bango hilo lilizaliwa kiwandani, kwa njia ya uchapaji wa mawe iitwayo litografia. Katika litografia, msanii huchora juu ya jiwe la chokaa kwa chaki au wino wenye mafuta, kisha jiwe hulowanishwa, na kwa kuwa maji na mafuta havichangamani, wino wa kuchapia hushika pale tu palipochorwa. Kila rangi huwa na jiwe lake.

Litazame kwa makini. Sketi nyeupe ya mchezaji La Goulue kwa sehemu kubwa ni karatasi tupu iliyoachwa bila wino, ilhali watazamaji walio nyuma yake wamekuwa kivuli kimoja cheusi. Ujasiri huo wa kuacha mahali patupu ndio unaonifanya nimhesabu miongoni mwa wachapaji wakubwa kabisa.

Yalichapwa mabango takriban 3,000, yakabandikwa kwenye kuta za Paris, na mengi yaliharibika hukohuko. Bango lenyewe, lenye urefu unaokaribia mita mbili, liliunganishwa kwa karatasi zaidi ya moja, ndiyo maana baadhi ya yaliyosalia yamepoteza kipande cha juu chenye maandishi. Michoro yake ya mafuta ni habari nyingine: ule wa ndani ya ukumbi huohuo, aliouanza mwaka 1892, uko Chicago peke yake.

Anayetaka kuona kazi zake nyingi mahali pamoja aende Albi, mji alikozaliwa kusini mwa Ufaransa, ambako mama yake alitoa kazi zilizobaki na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1922. Hata hivyo, aulize kabla ya kusafiri, kwa sababu mwanga hufifisha wino na kuchakaza karatasi, hivyo chapa huonyeshwa kwa miezi michache tu kisha hurudishwa gizani kupumzishwa.