Muziki katika chumba cha upasuaji

Dada, umeuliza kama mama yenu, anayesubiri upasuaji hapa Dodoma, atanufaika kwa kusikiliza muziki. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet, ukijumlisha majaribio 73 yenye wagonjwa karibu 7,000, ulionyesha kwamba waliosikiliza muziki kabla, wakati au baada ya upasuaji walipata nafuu ya maumivu na wasiwasi, wakahitaji dawa chache zaidi za maumivu, ingawa muda wa kulazwa haukupungua. Nafuu ilionekana hata kwa waliolazwa usingizi kabisa, jambo linalonigusa sana. Lakini mama akichomwa ganzi ya mgongo tu, atakuwa macho. Basi mwombeni ruhusa mapema mtaalamu wa usingizi, na mama achague mwenyewe, iwe kwaya au zeze la Kigogo, kwa sauti ya chini ili asikie maelekezo.