Mabati ya injini yasitupwe

Swali: Ndugu mhariri, ninaijenga upya injini ya Volkswagen Beetle ya mwaka 1968 hapa Lubumbashi. Fundi ameyaweka kando mabati ya chini ya silinda, akisema ni uzito wa bure. Je, ni kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, nakusihi uyarudishe yote. Injini hii haipozwi kwa maji bali kwa hewa ya feni, na mabati hayo ndiyo yanayoilazimisha hewa kupita katikati ya mapezi (mbavu nyembamba za kutolea joto) ya silinda badala ya kutorokea pembeni. Silinda ya 3 ndiyo ya kuhurumiwa zaidi, kwa kuwa katika muundo huo wa zamani kipoza mafuta husimama ndani ya kasha la feni na kuizibia hewa. Kwa hiyo kisafishe kikamilifu, au ukibadilishe. Mipira inayoziba kingo za chumba cha injini iwe mizima, hewa ya moto isirudi kwenye feni.