Seti ya kwanza ya kujazia risasi: itazame mizani kabla ya presi

Mtu akiniuliza anunue presi gani ya kujazia risasi, namrudishia swali: baruti utaipimia nini? Nimekuwa nikijaza mwenyewe risasi zangu za shabaha na za kuwindia kwa miaka sasa, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba anayeanza huangalia upande usio wake. Macho yote yako kwenye lile chuma kubwa lenye mkono mrefu. Presi mbovu itakuchosha tu. Mizani mbovu inaweza kukutoa jicho.

Kabla hujatoa hela, maliza kwanza habari ya sheria. Ujerumani huruhusiwi kununua baruti ya kujazia mpaka usome kozi, ufaulu mtihani na upewe kibali chini ya sheria ya vilipuzi. Marekani mtu anaweza kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni ya serikali kuu, lakini akitaka kuzifanya biashara anahitaji leseni ya mtengenezaji. Kwingine hairuhusiwi kabisa, hata kama bunduki yako ina karatasi zote. Nenda ukaulize kwa wanaotoa leseni za silaha mahali ulipo, na jibu ulipate kwa maandishi.

Kazi yenyewe ni hii. Risasi ina vitu vinne: ganda, fataki (kile kidude cha kwenye kitako kinachowasha moto), baruti, na kichwa kinachoruka. Ukifyatua, kinachobaki mkononi ni ganda, nalo limetanuka. Presi hulisukuma ndani ya kalibu, yaani chuma chenye tundu la vipimo maalumu, likarudi kwenye umbo lake, huku sindano iliyo katikati ikiing'oa fataki iliyokwisha kazi. Baada ya hapo unapachika fataki mpya, unatia baruti, unakikalisha kichwa. Si kila ganda linafaa. Chungulia ndani kwa tochi: ukiona tundu moja katikati ya kitako, hilo ni la mtindo wa Boxer, litakubali. Ukiona matundu mawili madogo pembeni, ni la Berdan. Sindano ya kawaida haipiti hapo, litakusumbua bure. Ya chuma na ya alumini yaache.

Presi ziko za aina tatu. Ya hatua moja hushika kalibu moja kwa wakati; ukimaliza hatua kwa maganda yote, unabadili kalibu na kuanza hatua inayofuata. Ya kichwa cha kuzunguka hubeba kalibu kadhaa juu, unazungusha badala ya kufungua na kufunga. Ya mfululizo hufanya hatua zote kwa pamoja, kila ukivuta mkono risasi moja nzima inadondoka upande wa pili. Kwa saa moja, presi ya hatua moja hutoa risasi makumi, ya mfululizo hutoa mamia, na hapo ndipo wengi hushawishika.

Mimi namshauri anayeanza achukue ya hatua moja, na sababu yangu kubwa haihusu bei. Ni habari ya kuona. Ukiwa na presi ya hatua moja, maganda yote yenye fataki mpya yanasimama kwenye trei yenye matundu, wazi juu. Unayatia baruti, kisha kabla ya kuweka hata kichwa kimoja unainama na tochi na kupitisha macho mstari kwa mstari. Baruti inatakiwa ifike kimo kile kile katika kila ganda. Lililo tupu linaonekana mara moja, ni shimo jeusi kati ya wenzake. Lililopata mara mbili linaonekana vilevile, limejaa kuliko mengine.

Jambo hili linamhusu hasa mwenye bastola. Baruti zake nyingi ni za kasi na kipimo chake ni kidogo, mara nyingi hakifiki hata nusu ya ganda, kwa hiyo dozi mbili huingia bila hata punje kumwagika. Ukiifyatua risasi hiyo, shinikizo linapita uwezo wa chuma. Na ganda lililosahauliwa bila baruti lina hatari yake: fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi kikakwama ndani ya mtutu. Unasikia mlio hafifu, unadhani ni risasi dhaifu, unafyatua nyingine nyuma yake, na mtutu unavimba au kupasuka. Presi ya mfululizo haikupi nafasi ya kuyaona maganda hamsini kwa pamoja. Inawezekana kuitumia kwa usalama, maelfu ya watu hufanya hivyo, lakini wamekwisha kujua kila hatua inavyotakiwa kuhisiwa mkononi.

Kama unapiga bastola sana na unajua subira yako ni fupi, basi ya kichwa cha kuzunguka ni njia ya kati nisiyoikataa. Ile ya kampuni ya Lee inayojizungusha yenyewe ina ufito unaoweza kuuchomoa, ikawa kama ya hatua moja hadi utakapoizoea.

Kuhusu chuma chenyewe sitasema mengi. Tafuta fremu iliyofungwa pande zote, umbo la O, kwa sababu ile iliyo wazi upande mmoja, umbo la C, huweza kupinda kidogo unapolazimisha ganda kubwa la bunduki. Presi ya chuma cha kusubu, kama Rock Chucker ya kampuni ya RCBS, itakuzidi umri. Alumini ni nyepesi na kwa risasi za bastola inatosha. Habari njema ni kwamba karibu kalibu zote za kawaida zina uzi wa skrubu wa aina moja, upana wa inchi 7/8 na meno 14 kwa inchi, hivyo kalibu za Lee hukaa kwenye presi ya RCBS, na za Redding kwenye ya Lyman, ambazo nazo ni kampuni za vifaa hivi. Zipo presi chache zenye kalibu zake peke yake, kwa mfano Square Deal B ya Dillon. Ulizia hilo kabla ya kulipa. Uzi ukiwa wa kawaida, hata ukibadili presi miaka ijayo kalibu zako hazipotei.

Sasa turudi kwenye mizani. Baruti hupimwa kwa greni. Greni 7,000 hufanya ratili moja, greni moja ni kama gramu 0.065 tu. Mizani yako inatakiwa itofautishe sehemu ya kumi ya greni, yaani kitu cha gramu 0.0065. Kwa bastola ndogo, nusu greni inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya dozi ya kuanzia na dozi ya mwisho inayoruhusiwa. Mizani ya jikoni haina habari na kitu kidogo namna hiyo.

Seti nyingi za bei nafuu huja na mojawapo kati ya mbili: ya mkono wa kuning'inia, au ndogo ya kidijitali. Mimi ni mtu wa ile ya mkono. Haina betri, haiyumbishwi na simu iliyo karibu, na ikishasawazishwa kwenye meza tulivu husema jambo lile lile asubuhi na jioni. Tia baruti kwenye kisahani, mkono unapanda taratibu, sumaku inautuliza, ncha inasimama mbele ya mstari. Weka jicho usawa na mstari. Ukiutazama kutoka juu utajidanganya. Za kidijitali ni za haraka, na zilizo nzuri ni nzuri kweli, lakini zile za bei rahisi huhama: unaondoa kisahani, unakirudisha, namba si ile ya mwanzo. Feni au dirisha lililo wazi hutosha kuiyumbisha. Ukiipenda ya kidijitali, iwashe mapema ipate joto na iweke sifuri mara kwa mara.

Vyovyote utakavyochagua, nunua mawe ya kupimia ya kuhakiki. Ni vipande vidogo vya chuma vyenye uzito unaojulikana. Mimi huanza kila kikao kwa kuweka jiwe lenye uzito ulio karibu na dozi ninayokusudia, na mizani isipokubaliana na jiwe kazi haianzi. Seti ikija na presi nzuri na mizani usiyoiamini, nunua presi peke yake na mizani peke yake. Hesabu mara nyingi haitofautiani sana.

Usidanganywe na maneno "seti kamili" kwenye boksi. Karibu kila mara kalibu hazimo, maana muuzaji hajui unapiga risasi ya saizi gani. Kishika ganda nacho, kile kibati kinachokamata kitako cha ganda kwenye presi, kwa Lee huja na kalibu, kwa wengine wengi kinauzwa kando. Kalipa ya kupimia urefu wa risasi huwa haimo, nayo si ya hiari: kichwa kikizama kupita kiasi kwenye ganda dogo la bastola, shinikizo hupanda. Ukijaza za bunduki utahitaji pia kifaa cha kukatia shingo, kwa sababu maganda hayo hurefuka kila yanapotumika.

Kwa bastola, chagua kalibu yenye pete ya kabidi, metali ngumu sana. Ganda la kunyooka huingia na kutoka bila kupakwa mafuta. Ganda la bunduki lenye shingo ni lazima lipakwe, kabidi au si kabidi. Likiingia kavu linanasa, na kulitoa ni kazi ya kutoboa na kuvuta.

Fataki napendelea kupachika kwa kifaa cha mkononi, hata kama presi ina mahali pake. Vidole vinahisi inavyoteleza kwenye mfuko wake na inapogota chini. Ipitishie kidole: iwe sawa na kitako au chini yake kidogo, isichomoze kamwe. Mikono iwe mikavu, mafuta huua fataki. Miwani usoni, na usile mezani hapo; madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu, yamo kwenye masizi ya fataki na kwenye vichwa vingi, kwa hiyo nawa kwa sabuni ukimaliza.

Kitabu cha vipimo kikiwa ndani ya seti, hesabu hilo kuwa sifa kubwa. Anza na dozi ya chini iliyoandikwa, panda polepole. Dozi uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, hata na mtu unayemheshimu, ilinganishe na kitabu, na kama haimo iache. Mezani iwepo kopo moja tu la baruti, lile unalotumia. Presi iliyotumika nainunua bila wasiwasi, ila kopo la baruti lililofunguliwa na mtu mwingine siligusi, maana kilicho ndani kinaweza kisiwe kilichoandikwa nje.

Ukishaifunga presi kwenye meza isiyotikisika, usikimbilie baruti. Chukua ganda moja, lirudishe umbo, usitie fataki wala baruti, kisha kalisha kichwa mpaka urefu ulingane na kitabu. Angalia kama linaingia vizuri kwenye chemba ya silaha yako, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na kutoka bila kung'ang'ania. Likikataa, rekebisha kalibu robo mzunguko na ujaribu tena. Likikubali, toboa ubavu wake tundu dogo ili mtu yeyote ajue halina kitu, uliweke kwenye boksi la kalibu zile, na liwe kipimo chako kila utakapozifunga upya.