Anza na Marko, si na ratiba ya mwaka

Dada, umeuliza utawezaje kusoma Biblia nzima kwa ratiba ya mwaka, na umesema unatoka saa kumi alfajiri kuwahi dagaa soko la Mwaloni na jioni uko hoi. Basi usijilazimishe kusoma kabla ya kutoka, utasinzia kwenye mstari wa pili. Soma pale mnapongoja mitumbwi. Na hiyo ratiba ya mwaka mzima iache kwanza: Biblia ina sura 1,189, yaani zaidi ya tatu kwa siku, na wengi hukwama Mambo ya Walawi. Anza na Marko. Sura 16 tu, na za mwanzo zimejaa ziwa: nyavu, mashua, dhoruba ya usiku. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa hayo! Sura ya 4 mstari wa 37 na 38, mawimbi yanaingia chomboni na Yesu kalala, kichwa kwenye mto wa kulalia. Hapo soma taratibu. Halafu Mithali, sura 31, tarehe ya leo ndiyo sura ya leo. Biblia ya simu ni nzuri, ila WhatsApp nayo inakuita humohumo. Tafuta Agano Jipya dogo la mfukoni, litie kwenye kikopo chenye mfuniko lisilowe. Ukiruka siku, usilipe deni la sura, endelea ulipoishia.