Jibu: Binti wa miaka 6 na darasa la dansi hapa Mwanza

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 6 ameshafika umri wa kuanza dansi, na uangalie nini kabla ya kulipa. Umri unatosha kabisa, ila kwa miaka hiyo darasa liwe mchezo zaidi: kuruka, kufuata mdundo, kusubiri zamu. Ukikuta mwalimu anamkandamiza mtoto mabega ili apige msamba, mwondoe siku hiyo hiyo. Na vile viatu vya baleti vya kusimamia ncha za vidole, kwa kawaida havivaliwi kabla ya miaka 11 au 12, kwa sababu mifupa ya mguu bado haijakomaa.

Omba ukae nyuma uangalie kipindi kizima. Wakikataa mzazi aingie, ondoka. Tazama sakafu: saruji tupu au vigae huumiza magoti na vifundo, mbao ni bora. Mimi hapo huwa mkali kuliko kwenye ada. Uliza pia nani anawasindikiza watoto chooni, na kama ada inajumuisha mavazi ya onyesho, maana hayo ndiyo hukamua mfuko.

Halafu usiwaze baleti tu, Usukumani ngoma zipo. Sikukuu ya Bulabo, huwa Juni, mpeleke Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, aone Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ngoma, wakishindana, na ngoma ya bugobogobo inavyochezwa kwa majembe yanayorushwa na kudakwa. Mkirudi nyumbani akaanza kurusha mwiko sebuleni, mwandikishe.