Paa la gari limegoma: maswali yenu wiki hii

Meseji za paa la kufunguka zimekuwa nyingi, nimechukua nne tu.

Shikamoo fundi. Mercedes SLK yangu ya 1999 nikibonyeza swichi kimya kabisa, hata pampu siisikii. Nimeambiwa pampu imekufa ninunue nyingine. (Dar)

Marahaba mdogo wangu, hiyo hela iache kwanza mfukoni. Fungua buti uangalie lile pazia la mizigo, lile la kuvuta na kupachika pande mbili. Paa la SLK linajikunja na kulala humo humo kwenye buti, sasa pazia lisipokuwa limevutwa gari inajua kuna mzigo utapondwa na haigusi kitu. Watu wanalikunja wabebe gunia la mchele halafu wanasahau, mwezi mzima wanahangaika na mafundi. Kama limevutwa, tafuta kiswichi kidogo pale linapopachikwa, kibonyeze kwa kidole taratibu, kizima kinalia tik, kikiwa kimya au kinanata umepata ugonjwa wako.

Halafu betri. Pampu inakula umeme mwingi sana, betri inaweza kuwasha gari vizuri tu na paa likagoma, kwa hiyo jaribu injini ikiwa inaunguruma, ila fanyia nje maana moshi kwenye gereji iliyofungwa unaua. Fuata fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayowasha pampu) na nyaya zinazopita kwenye bawaba za buti, zile zinakunjwa kila siku mwisho zinakatika kwa ndani wakati plastiki ya juu bado nzima. Pampu iwe ya mwisho kabisa kushtakiwa.

Mimi pampu inalia vizuri ila paa linanyanyuka nusu linaganda. Fundi akaongeza mafuta ya breki, sasa ndo limekuwa zito zaidi. (Arusha)

Hii imeniuma kweli. Ikilia bila kusukuma, mara nyingi mafuta yanayosukuma paa ni machache au yana hewa, na mafuta ya mfumo huu hayapungui hewani hivi hivi, kuna mahali yanatoka. Ila mafuta ya breki hapana jamani! Gari kama hizi zina mafuta yake maalum na sili za ndani, yaani mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, zimetengenezwa kwa mafuta hayo, ukiweka ya breki zinavimba na kulainika, ndo huo uzito unaousikia. Acha kubonyeza swichi kuanzia leo, yamwagwe yote, mfumo usafishwe kwa mafuta sahihi, na sili zilizoharibika zibadilishwe. Na ukipima level fuata kitabu cha gari kinasema paa liwe wazi au limefungwa, kwa sababu mafuta yakiwa yameingia kwenye silinda tanki linaonekana limepungua kumbe halijapungua.

Kaka, BMW Z4 ya mwaka 2005, masika yameisha na paa halifunguki tena, mota inakoroma tu. (Mombasa)

Pole sana ndugu yangu. Z4 za kizazi hicho mota ya paa imewekwa chini kabisa upande wa kushoto, nyuma ya kiti, pale maji ya mvua yanapopitia kutoka. Tundu la kutolea maji likiziba na majani na vumbi maji yanajaa, mota inaogelea. Mwaga chupa ya maji taratibu kwenye tundu hilo uone kama yanatoka chini ya gari, yasipotoka zibua kwa waya laini. Mota ikishatolewa, mwambie fundi aihamishie kwenye buti sehemu kavu, wengi wanafanya hivyo. Ukirudisha pale pale masika yajayo tutaonana tena. Mwenye Z4 ambayo haijaugua, zibua leo.

Mercedes CLK ya paa la turubai, natonewa mafuta kichwani nikiendesha. Niuze gari? (Dar)

Usiuze dada. Juu ya kioo cha mbele, pale paa linapojifunga, kuna silinda ndogo ya kufuli na sili zake zinaoza kwa umri na joto. Pitisha kidole nyuma ya kioo cha ndani cha kuangalizia nyuma, utakuta utelezi, mafuta huanzia hapo kabla hayajakufikia wewe. Silinda inatolewa, inawekewa sili mpya, inarudi, hakuna haja ya kununua mpya. Mpaka ifanyiwe kazi paa libaki limefungwa, likigandia katikati usiwaite vijana wanne wasukume, vyuma vitapinda. Kuna valvu ya kuachia presha na utaratibu wa kufunga kwa mkono umeandikwa kwenye kitabu, na presha ikishaachiwa paa linaweza kushuka lenyewe, vidole vya watu vikae mbali na maungio.